Somo: TV ya teknolojia mpya, ununue sasa au usubiri?

Habari zenu wakuu. AFCON 2027 inachezwa kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda, na najua wengi mmeshaanza kudunduliza hela ya TV. Kabla hujaingia dukani, pitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Angalia kwanza kinachoingia kwenye TV.
Novemba 2012 nilinunua flati ya inchi 32 hapa Dar, picha yake safi kabisa. Desemba 31 analojia ikazimwa jijini, na TV yangu ya mwezi mmoja ikabaki na chengachenga tupu mpaka nikarudi Kariakoo kutafuta king'amuzi. Iliniuma sana, maana hela yote ilikuwa imeishia kwenye kioo.

Kwa hiyo jiulize: unachoangalia kinakuja kwa antena, dishi au intaneti? Kama ni antena, hakikisha boksi la TV limeandikwa DVB-T2, yaani TV yenyewe inapokea matangazo ya dijitali ya antena. Kama ni intaneti, piga hesabu ya bando. Netflix wenyewe wanakadiria 4K (picha yenye nukta mara nne ya Full HD) inakula hadi GB 7 kwa saa. Kwa mwendo huo, bando la GB 10 linakata kabla ya kipyenga cha mwisho.

Hatua ya 2: Pima sebule.
Chukua tepu, pima toka kwenye kochi hadi TV itakapokaa. Picha ya TV inaundwa na nukta ndogondogo. TV ya inchi 43 ya Full HD ina nukta 1,920 kwenye upana wa sentimita 95 hivi, yaani nukta moja ni kama nusu milimita. Ukikaa mbali kupita mita 1.7, jicho la kawaida haliwezi tena kuzitenganisha. Sasa kama kochi lako liko mita tatu, 4K ya inchi 43 haikuongezei kitu unachokiona. Bei zikilingana ichukue, ila usiongeze hela kwa ajili yake; ongeza inchi. 8K, yenye nukta nyingi kuliko 4K, ndiyo kabisa: kwa inchi 65 itabidi usogee karibu kuliko mita 1.3 ndipo uone inachoizidi 4K.

Hatua ya 3: Muulize fundi wa mtaani kwako.
TV za 3D zilivuma sana mwaka 2010, lakini kufika 2017 hata LG na Sony walikuwa wameziacha. Teknolojia ikiachwa, wewe ndiye unayebaki kuhangaika na spea. Mpelekee fundi jina la modeli, umuulize kama taa za nyuma ya kioo na bodi zake zinapatikana. Akikwambia hajawahi kufungua TV ya aina hiyo, subiri. Na kioo kikipasuka, bei yake mara nyingi inakaribia ya TV nzima.

Hatua ya 4: Hesabu matundu ya HDMI, yale ya kuchomekea vifaa vya picha na sauti. King'amuzi, gemu na spika vinataka nafasi, usikubali moja.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, nina kibandaumiza, nimeipenda OLED. Niichukue?*
Hapana, mkuu. OLED kila nukta inawaka yenyewe, ndiyo maana weusi wake ni mzuri hivyo, lakini nembo ya chaneli na ubao wa magoli vikikaa palepale kutwa nzima vinaweza kuacha alama ya kudumu. Kwako wewe chukua LED kubwa yenye mwanga mkali. Hela itakayobaki nunua spika.

*Na QLED je, si ndiyo hiyohiyo?*
Majina tu yanafanana. QLED bado inatumia taa za nyuma kama LED za kawaida, imeboreshwa rangi.

*Kaka, TV yangu ya smati ni ya 2014, YouTube haifunguki tena. Ninunue mpya?*
Dada, kioo bado kizima? Basi usinunue TV. Kilichozeeka ni programu. Nunua kiboksi cha Android, chomeka kwenye HDMI, unganisha na Wi-Fi, uendelee kuangalia. Ikifika siku picha inaanza kufifia pembeni, njoo tuongee tena.