Kuchagua pedali ya sauti ya gitaa la stili: goti kwanza, masikio baadaye

Mpiga gitaa wa kawaida hukanyaga pedali ya sauti, ile ya kuongeza na kupunguza ukubwa wa sauti, mara mbili tatu kwenye wimbo, akaiacha. Kwenye gitaa la stili lenye pedali, lile linalolazwa juu ya miguu yake kama meza na kupigwa ukiwa umekaa, mambo ni tofauti kabisa. Mguu wa kulia unakaa juu ya pedali ya sauti tangu wimbo uanze mpaka uishe, na huku kisigino na vidole vikipanda na kushuka, goti la mguu huohuo linatakiwa kwenda kushoto na kulia kusukuma nyenzo zinazoning'inia chini ya gitaa, ambazo huvuta na kulegeza nyuzi. Mguu mmoja, kazi mbili, kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana swali la "ipi ina sauti safi zaidi" mimi huliweka nyuma. Pedali safi inayokukaza paja itakuchosha kabla hujafika nusu ya onyesho, na mguu uliochoka haupigi vizuri.

Hatua ya 1: Panga kiti na gitaa kabla ya kununua chochote

Kaa kama unavyokaa ukipiga. Mguu wa kushoto uwe juu ya pedali za chini za A na B (zile zinazobadilisha tuni ya nyuzi), mikono juu ya nyuzi, mgongo umenyooka. Kama kiti ni kifupi au kirefu mno, rekebisha sasa, maana kimo cha kiti kikibadilika, kimo cha goti nacho kinabadilika, na vipimo vyote utakavyochukua baadaye vitakuwa vya bure.

Hatua ya 2: Tafuta kimo kwa kutumia vitabu

Ondoa macho kwenye picha za pedali. Chukua vitabu vichache au vipande vya mbao, vipange chini ya mguu wa kulia, halafu gusa nyenzo za goti. Ongeza kitabu, jaribu tena. Punguza, jaribu tena.

Unachotafuta ni hiki: ubavu wa goti uguse wenzo karibu na ncha yake ya chini. Goti likipanda juu sana linagusa wenzo karibu na bawaba, na hapo wenzo unakuwa mgumu kusukuma ingawa mitambo haina tatizo lolote. Likipanda zaidi, paja linagonga vyuma vilivyo chini ya gitaa. Goti likiwa chini mno, linapita bila kuushika wenzo sawasawa.

Ukipata kimo kinachokufaa, pima kwa rula kutoka sakafuni hadi chini ya kisigino. Hicho ndicho kipimo cha kwenda nacho dukani. Watu warefu kwa kawaida huishia kwenye pedali fupi. Watengenezaji wa pedali Goodrich, kwa mfano, wametengeneza za kimo cha kawaida na za kimo cha chini kwa sababu hiyohiyo. Wapo wanaoamua kuinua gitaa lenyewe kwa kurefusha miguu yake. Inawezekana, ila kumbuka kwamba vijiti vinavyounganisha pedali za chini na mitambo ya gitaa navyo vitahitaji kurefushwa, na pembe ya mikono yako itabadilika. Kubadilisha pedali ya sauti ni rahisi zaidi.

Hatua ya 3: Angalia mwendo wa kifundo cha mguu

Kifundo cha mguu kinakunja kuelekea juu kwa takriban digrii 20 tu, lakini kinanyooka kuelekea chini kwa takriban digrii 50. Kwa hiyo pedali inayokulazimisha kuinua vidole sana ili kuzima sauti inafanya kazi upande ule ambao mwili hauna nafasi ya kutosha. Utaisikia kwanza mbele ya ugoko.

Weka mguu na uipeleke pedali mwanzo hadi mwisho polepole. Ukizima kabisa, ugoko usikaze. Ukifungua kabisa, kisigino kisinyanyuke. Kisha iache katikati ya mwendo wake na ulegeze mguu: inatakiwa ibaki palepale. Ikianguka mbele kwa uzito wa mguu wako, ni laini mno. Ikihitaji kukanyagwa kwa nguvu, ni ngumu mno. Baadhi, kama Boss FV-500H, zina skrubu ya kurekebisha ugumu huo. Ulizia kabla hujaikataa.

Vaa viatu unavyopigia. Soli nene inaongeza kimo, na kiatu chenye kisigino kirefu kinabadilisha pembe nzima.

Hatua ya 4: Jaribio la goti

Hatua hii ndiyo inayotenganisha pedali inayofaa stili na isiyofaa, na ndiyo watu wengi huiruka.

Unganisha kila kitu. Weka pedali katikati, piga nyuzi mbili na uziache zilie. Sasa sukuma wenzo wa goti la kulia kuelekea kushoto, urudishe, usukume tena, huku mguu ukijaribu kutulia. Usisikilize tuni, sikiliza ukubwa wa sauti. Kisha fanya hivyohivyo kwa wenzo unaosukumwa kuelekea kulia.

Kama sauti inapanda au kushuka kila goti linapokwenda pembeni, pedali haikufai jinsi ilivyo. Tazama mguu uone kinachotokea. Mara nyingi utaona wayo unalalia ukingo mmoja kwa sababu sahani ya kukanyagia ni nyembamba, au kisigino kinateleza na kuburuta vidole, au pedali nzima inasogea sakafuni. Kuteleza kunatibika kwa kubandika mpira juu ya sahani. Sahani nyembamba haitibiki, tafuta nyingine. Jaribu pia kuigeuza pedali kidogo, vidole vielekee kulia, kwa sababu miguu ya watu wengi haikai ikiwa imenyooka sambamba. Kugeuza kidogo tu wakati mwingine kunamaliza tatizo lote.

Hatua ya 5: Sasa fungua masikio

Ndani ya pedali za jadi kuna potenshometa (kipingamizi cha umeme kinachorekebishika) inayozungushwa na uzi, yaani kamba nyembamba, si uzi wa gitaa. Kwa stili, inayozoeleka ni ya kiloomu 500 na iwe ya mwendo wa logi, yaani uliopangwa kufuata jinsi sikio linavyosikia. Ya mwendo sawa hurundika karibu mabadiliko yote yanayosikika mwanzoni mwa mkanyago, na sehemu iliyobaki inakuwa kama haina kazi. Ernie Ball VP Jr. ya kuunganisha gitaa moja kwa moja ina kiloomu 250. Inafanya kazi, ila inaiba ung'avu kidogo zaidi, hasa waya zikiwa ndefu.

Aina nyingine hazina potenshometa kwenye njia ya sauti. Pedali za Hilton hutumia mwanga wa infraredi pamoja na saketi inayotumia umeme. Hakuna kitu cha kukwaruza wala uzi wa kukatika, na ung'avu haupotei unapopunguza sauti. Gharama yake ni kwamba una adapta moja zaidi ya kubeba. Mimi bado napendelea ya uzi, kwa sababu naweza kuitengeneza mwenyewe kwa bisibisi, lakini simlaumu anayechagua mwanga.

Hatua ya 6: Mahali na waya

Iweke upande wa kulia wa pedali za chini, karibu kiasi cha kufikiwa bila kupanua mapaja. Kama una gitaa la shingo mbili, jaribu pia ukiwa kwenye shingo ya C6 (ile ya pili, inayotuniwa kwa kodi ya C6), maana mguu wa kushoto unahamia kulia na nafasi inabana. Ifunge isisogee: velkro kwenye zulia inatosha, au kishikio cha kuibana kwenye fremu ya pedali.

Waya kutoka kwenye gitaa hadi kwenye pedali uwe mfupi. Mwangwi na kirudisha sauti viwe baada ya pedali, ili ukizima, mkia wa sauti umalizike wenyewe badala ya kukatwa.

Hatua ya 7: Pangilia amplifaya kufuata mguu

Ongeza amplifaya mpaka sauti yako ya kawaida ipatikane pedali ikiwa katikati au zaidi kidogo. Nafasi iliyobaki ni akiba: unapiga nyuzi, na jinsi zinavyofifia, mguu unasonga mbele taratibu kuzishikilia. Ukiwa umefungua hadi mwisho tangu mwanzo, huna pa kwenda. Na usizime kila unapodonoa uzi kisha ukafungua ghafla; huko ni kupampu, na msikilizaji anachoka haraka.

Ukichagua ya uzi, nunua uzi wa akiba siku hiyohiyo, na upige picha jinsi wa kwanza ulivyozungushwa ndani kabla haujakatika.