Kuokoa kiti, feni na kikaango vilivyotupwa: hatua kwa hatua

Vitu vingi vinavyowekwa nje pamoja na taka bado vina uhai. Kiungo kimoja kimelegea, mafuta yamekauka mahali pamoja, au kipuri kidogo cha kuenea kiganjani kimekufa. Ukijua ni kipi kabla ya kujitwisha mzigo, umemaliza nusu ya kazi. Hapa tunashughulika na vitu vitatu vinavyotupwa sana na vinavyolipa jasho: kiti cha mbao, feni ya kusimama na kikaango cha chuma.

Andaa bisibisi ya nyota na ya bapa, patasi nyembamba, kisu kikuukuu, nyundo ya mpira, kamba imara ya mita 4 hivi, gundi nyeupe ya mbao, mafuta ya cherehani, na multimita (kifaa cha kupimia umeme). Multimita ya kawaida kabisa inatosha, lakini usiguse kitu cha umeme bila kuwa nayo. Tochi iwe ya kuvaa kichwani, maana mikono yote miwili itakuwa na kazi.

Hatua ya 1: Chagua papo hapo

Mwenye mali akiwepo, omba, kisha uliza kwa nini anakitupa. Jibu lake litakuokolea muda mwingi. Pia jua kanuni za unakoishi: sehemu nyingine taka zikishawekwa nje huwa mali ya manispaa.

Usichukue magodoro, mitungi ya gesi, betri zilizovimba, wala vikaango visivyonatisha vilivyochunika. Acha pia helmeti na viti vya gari vya watoto, kwa sababu ajali moja huacha nyufa ndani ya plastiki zisizoonekana kwa jicho. Mikrowevu usiifungue: kapasita yake hushika chaji ya volti elfu mbili na zaidi, na inaweza kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Fanicha ya zamani yenye rangi inayobanduka inaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo usiipige msasa mkavu. Chipbodi (ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi) iliyovimba kwa maji hairudi tena.

Hatua ya 2: Kunguni kwanza

Ukague nje, kabla kitu hakijavuka mlango. Mulika kwenye matundu ya skrubu, chini ya kikalio, kwenye maungio na mishono. Kunguni mzima ana milimita 5 hivi, bapa, rangi ya kahawia. Mayai ni meupe, ya milimita 1. Alama inayowasaliti zaidi ni vidoa vyeusi kama vya kalamu ya wino. Gusa kidoa kwa kitambaa kibichi. Kikisambaa na kuacha rangi ya kutu, acha kitu hapo hapo.

Kutowaona si ushahidi kwamba hawapo, kwa sababu hukaa miezi bila kula. Ndiyo maana ushauri wangu kuhusu makochi na viti vya vitambaa ni mmoja tu: viache. Vitambaa vinavyovulika vifue kwa maji ya nyuzi 60. Kitu kidogo kisichofulika kifunge kwenye mfuko na ukiweke kwenye friza ya nyuzi -18 kwa siku nne mfululizo.

Hatua ya 3: Kiti kinachocheza

Shika egemeo, lisukume mbele na nyuma, kisha kando. Kiti kikicheza na mbao zake hazina ufa, basi ni gundi tu imekufa.

Usipigilie msumari. Msumari hauzuii ulimi, yaani ncha ya mbao inayoingia kwenye kiungo, kucheza ndani ya tundu lake. Unaupasua, na siku ya kukifungua kiti hicho vizuri haitawezekana. Wala usidondoshee gundi mpya kwenye mwanya ukategemea itashika. Gundi nyeupe hushika kwa kupenya kwenye nyuzi za mti, na nyuzi hizo zimekwisha kuzibwa na gundi ya kwanza. Kiti kitatulia kwa muda, kisha kitaanza kulia upya. Sehemu hii ndiyo inayoharibiwa na wengi, kwa hiyo iendee polepole.

Anza kwa kuweka alama. Bandika utepe wa karatasi kila upande wa kiungo na uandike namba ileile: 1 kwenye mguu, 1 kwenye upau (mti unaounganisha miguu). Pau zinafanana kwa macho, lakini kila moja imezoeana na tundu lake. Tafuta misumari na skrubu zilizofichwa, hasa kwenye vipande vya pembe chini ya kikalio, uzitoe zote.

Fungua viungo vilivyolegea peke yake. Kilichoshika kiache, hata kama ni mwenzake wa upande wa pili. Funika mguu kwa kitambaa, piga kwa nyundo ya mpira karibu kabisa na kiungo. Kikigoma, usikivute kwa nguvu kwa sababu ulimi utakatikia ndani na kazi ya saa moja itakuwa ya siku mbili. Dondosha siki ya uvuguvugu kuzunguka kiungo, subiri dakika 15, jaribu tena.

Sasa tazama gundi iliyobaki. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kama kioo, ni ya ngozi na mifupa ya wanyama. Hiyo huyeyuka kwa maji ya moto. Ikiwa nyeupe au njano na inanyumbuka kama mpira, ni ya kukwangua. Kwangua kwa kisu ukifuata urefu wa ulimi mpaka rangi ya mti ionekane. Usitumie msasa kwenye ulimi: kila unapopitisha unaupunguza unene, na ulimi mwembamba ndio ulioleta shida tangu mwanzo. Ndani ya tundu tumia patasi nyembamba.

Utajuaje kuwa pamesafika? Weka tone la maji juu ya ulimi. Likinywewa na mti, tayari. Likisimama kama shanga, gundi bado ipo hata kama huioni. Rudia, kisha acha mti ukauke.

Unganisha kwanza bila gundi. Ulimi ukiingia kwa kubana kidogo, vizuri. Ukitumbukia wenyewe, usijaze pengo kwa gundi nyeupe. Haina nguvu penye uwazi. Bandika kwa gundi maranda membamba ya mbao kuzunguka ulimi, yakauke, uyapunguze kwa kisu mpaka ulimi ukae sawasawa. Epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) ni kwa tundu lililomeguka tu, kwa sababu baada yake kiti hakifunguki tena.

Paka gundi kidogo pande zote mbili, unganisha haraka, una kama dakika 10. Simamisha kiti mahali tambarare kabla ya kukaza, miguu yote minne iguse chini. Kama huna klampu (kibano cha kukazia mbao), zungusha kamba mara mbili kwenye miguu, pitisha kijiti katikati na usokote. Weka vitambaa kwenye pembe ili kamba isiache alama. Kisha pima kwa chini, pembe kwa pembe: mguu wa mbele kulia hadi wa nyuma kushoto, halafu kinyume chake. Vipimo vikitofautiana, kiti kimekaa upande. Kisukume kabla gundi haijashika. Futa iliyovuja kwa kitambaa kibichi, kwani ikikauka vanishi haitashika hapo.

Kamba ikae usiku kucha, na asikalie mtu kwa saa 24. Penye baridi chini ya nyuzi 10 usifanye kazi hii nje: gundi hugeuka kama chaki.

Hatua ya 4: Feni ya kusimama

Plagi ikiwa imechomolewa, zungusha panga kwa kidole. Likisimama papo hapo, bushi (vipete ambamo mhimili wa mota huzunguka) zimekauka, na feni nyingi hutupwa kwa kosa hilo tu. Nati ya panga kwa kawaida hufunguka kinyume na ulivyozoea, yaani kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Fungua kichwa, weka matone mawili au matatu ya mafuta ya cherehani mahali shafti (mhimili huo) inapoingia kwenye bushi, mbele na nyuma, uzungushe mpaka ilainike. Mafuta ya kupikia hugeuka ulimbo, na yale ya kupuliza kwenye kutu hukauka baada ya muda mfupi. Yote mawili yatakurudisha ulipoanza.

Ikizunguka kirahisi kwa mkono lakini kwenye umeme inanguruma tu, au inaondoka baada ya kusukumwa, badili kapasita. Ni kiboksi chenye nyaya mbili kando ya mota, na huandikwa mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) 1 hadi 2.5. Gusisha ncha zake pamoja kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki kabla ya kuishika. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, na volti zisizopungua za ile ya zamani.

Isipotoa hata sauti, fuata njia kwa multimita: fyuzi ya plagi kama ipo, waya mahali unapopindia, swichi, kisha fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya utepe wa koili. Fyuzi hiyo iliyokatika usiiunganishe moja kwa moja, kwa sababu ndiyo inayozuia mota iliyokwama isiwashe nyumba. Weka ya nyuzi zilezile, na ibane kwa vibanio. Ukiichomea kwa risasi, joto la kuchomea litaikata tena.

Kabla ya kuchomeka, pima kati ya kila pini ya umeme na chuma cha mwili. Multimita ikisoma njia yoyote, feni hiyo irudi ilikotoka. Ikipita, iwashe kupitia soketi yenye swichi ukiwa umesimama mbali, iende nusu saa, uizime na uguse mota. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, usiitumie.

Hatua ya 5: Kikaango cha chuma

Kigonge kwa kijiti. Kikilia kama kengele ni kizima. Sauti iliyokufa ni ufa. Kutu iondoe kwa siki na maji nusu kwa nusu, ukiangalia kila nusu saa, kwa sababu siki ikimaliza kutu huanza kula chuma. Suuza, kausha juu ya moto, paka mafuta kisha uyafute kana kwamba ulikosea kuyapaka, ndipo ukioke kikiwa kimefudikizwa kwenye oveni ya nyuzi 230 kwa saa moja. Kikitoka kinanata, mafuta yalizidi: kirudishe bila kuongeza mengine.