AC inapoa gari likitembea, foleni joto: pima feni kabla ya kujaza gesi

Shemeji yangu alikuja na Toyota IST yake. Akitembea Barabara ya Mandela, baridi safi. Akisimama foleni ya Tazara, joto tupu. Alishajaziwa gesi mara mbili, ya pili nilimjazia mimi mwenyewe. Dalili hiyo mara nyingi ni feni ya rejeta: gari likitembea upepo unapoza kondensa (ile kama rejeta ya AC, iko mbele ya rejeta ya injini), likisimama kazi yote ni ya feni.

Hatua ya 1. Hewa ndani ni kidogo? Hiyo kesi nyingine. Toa droo ya dashibodi, badilisha filta ya hewa iliyo nyuma yake.

Hatua ya 2. Washa injini na AC, fungua boneti. Kompresa (pampu ya gesi ya AC) ikishika utasikia "tak", na feni izunguke. Mikono mbali, inaanza ghafla.

Hatua ya 3. Haizunguki? Angalia fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo ya umeme ya feni). Jaribu kuweka rilei ya honi mahali pake kama namba zinafanana. Halafu pima plagi ya feni kwa balbu ya indiketa yenye nyaya mbili. Multimita siiamini hapa: waya uliooza unaonyesha volti 12 vizuri, ukiupa mzigo unazimia. Balbu ikiwaka sana na feni imelala, mota imekufa.

Hatua ya 4. Inazunguka. Usishangilie. Hapa nilipoteza saa 4. Feni inaunguruma vizuri, nikaosha kondensa, nikapima gesi, nikaanza kuisingizia kompresa. Mwisho nikaweka karatasi ya daftari mbele ya kondensa. Feni ya IST iko nyuma, inavuta hewa, kwa hiyo karatasi ilitakiwa inate, ikarushwa! Aliyebadilisha mota alikata plagi akaunga nyaya kinyume, na mota ya namna hii ukigeuza nyaya inageuza mzunguko bila kulalamika. Foleni yote feni ilikuwa inapuliza joto la injini kwenye kondensa. Nikageuza nyaya, karatasi ikanata.

Tahadhari: kuna magari ambayo feni iko mbele ya kondensa, inasukuma. Huko karatasi haisaidii, hakikisha tu upepo unaelekea injini. Karatasi ikinata kinyonge, brashi za mota zimekwisha, au uchafu umejaa kati ya kondensa na rejeta. Osha kwa mpira wa bustani, si mashine ya presha, mapezi membamba ya kondensa yatalala. Na lile kava la plastiki la feni usilitupe, bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni. Wala usiahirishe: feni hiyo hiyo ndiyo inapoza injini.

Hatua ya 5. Sasa pima gesi ya AC, aina ya R134a, kwa geji. Haiishi kama petroli. Imepungua, imevuja, tafuta tundu kwanza.