Kabla fundi wa mende hajaingia jikoni kwako

Mende wadogo wa kahawia hafifu, wenye mistari miwili myeusi iliyolala sambamba nyuma ya kichwa, ndio mende wa Kijerumani. Urefu wao ni kama sentimita moja na nusu tu, na ingawa wana mabawa, ni nadra kuruka. Ukiwaona jikoni, usijipe moyo kwamba wamepotea njia na watarudi nje. Nje hawana kwao. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba walitokana na mende wa Asia yapata miaka 2,100 iliyopita, na tangu hapo wamekuwa wakiishi na binadamu na kusafiri naye kwenye mizigo yake. Waliingia kwako ndani ya boksi au nyuma ya friji iliyonunuliwa mitumba, na wanazaliana humo humo ndani.

Kumwita fundi ni uamuzi mzuri. Kinachosikitisha ni kuona kazi yake inaharibika kwa sababu ya yaliyofanyika nyumbani siku chache kabla hajafika, au ambayo hayakufanyika. Nusu ya kazi ya kuwamaliza mende hawa iko mikononi mwa mwenye nyumba, na iko zaidi katika hizo siku za kusubiri.

Anza kwa kuhakikisha unapambana na nani. Mende wakubwa wekundu wanaopanda kutoka kwenye mitaro ya majitaka hutibiwa kwa njia nyingine kabisa, na fundi aliyekuja na vifaa vya hao hatakusaidia sana na hawa wadogo. Nunua mitego ya gundi, ile ya karatasi isiyo na sumu, uitege usiku: nyuma ya friji, chini ya sinki, kando ya jiko, ndani ya kabati lililo karibu na maji, na mmoja bafuni. Andika juu ya kila mtego tarehe na mahali ulipouweka. Asubuhi angalia umenasa wangapi, na kama wengi ni wakubwa au ni wachanga wasio na mabawa. Usiitupe. Fundi akiiona atajua kiota kiko wapi kabla hajafungua hata droo moja, na baada ya kazi utakuwa na kitu cha kulinganisha badala ya kukisia.

Pitisha pia tochi kwenye bawaba za milango ya makabati, kwenye mpira wa mlango wa friji na pembe za juu za makabati ya ukutani. Unatafuta vidoadoa vyeusi vinavyofanana na pilipili manga iliyosagwa. Hicho ni kinyesi chao, nacho kina harufu inayowaita wenzao wakusanyike hapo hapo. Mende mkubwa hupenda ufa wa milimita tano hivi, ambamo mgongo na tumbo vyote vinagusa kuta. Wachanga hutosheka na ufa mwembamba zaidi, usiofika hata milimita mbili. Ndiyo maana sakafu inaweza kung'aa huku bawaba moja imejaa.

Huenda ukamwona jike aliyebeba kifuko cha kahawia kwenye ncha ya tumbo. Humo mna mayai 30 hadi 40. Tofauti na mende wengine wengi wanaodondosha kifuko na kuondoka, huyu hukibeba hadi siku moja hivi kabla mayai hayajaanguliwa, na katika maisha yake anaweza kutoa vifuko vinne hadi vinane. Penye joto la kutosha, yai hufika utu uzima ndani ya miezi miwili hivi. Ukielewa hesabu hiyo utaelewa kwa nini fundi anayeahidi kuwamaliza kwa ziara moja anakudanganya: dawa nyingi haziyagusi mayai yaliyo ndani ya kifuko.

Jambo la pili nalisisitiza kuliko yote: ukishapanga siku na fundi, acha kupuliza dawa. Acha kabisa. Makopo mengi ya dukani yana dawa za jamii ya pareto, na mende wa Kijerumani katika sehemu nyingi za dunia wameshazizoea. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha kwamba usugu huo unaweza hata kuhamia kwenye dawa za jamii nyingine ambazo mende hao hawajawahi kukutana nazo, na ndani ya kizazi kimoja. Mbaya zaidi kwa kazi iliyo mbele yako, dawa hizo huwafukuza. Mende wanatoka nyuma ya jiko, ambako fundi angewapata wote pamoja, wanatawanyika hadi chumbani na kwenye soketi za umeme. Na mabaki ya dawa yakibaki juu ya ufa, chambo, yaani chakula chenye sumu kitakachowekwa hapo na fundi, hakitaliwa.

Makopo yanayofukiza chumba kizima ndiyo ya kuogopa zaidi. Mwaka huo huo wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina waliyajaribu kwenye nyumba za watu: idadi ya mende haikupungua, ila mabaki ya sumu yaliongezeka kwenye sakafu na sehemu za kuandalia chakula. Katika nyumba zilizowekwa chambo cha jeli, mende walipungua. Kama umeshapuliza, usimfiche fundi. Mtajie kila ulichotumia na wapi, ikiwezekana mwonyeshe kopo lenyewe, ili achague dawa ya jamii nyingine na asiweke chambo juu ya sumu.

Kabla ya kukubaliana bei, muulize fundi maswali machache. Atatumia nini: chambo cha jeli, dawa ya unga, dawa ya kupuliza, au vyote? Anatumia dawa inayozuia wachanga kukomaa na kuzaa? Atarudi lini? Ana kibali cha kazi hii? Na swali ambalo wengi hawalijui: ana aina zaidi ya moja ya chambo? Miaka ya 1990 iligundulika kwamba baadhi ya mende hawa wamekataa chambo chenye glukosi, ambayo ni aina ya sukari, na mwaka 2013 watafiti walieleza sababu yake: kwenye midomo ya mende hao, glukosi huleta ladha ya uchungu. Kwa hiyo fundi mzuri hubadilisha chambo pale anapoona hakiguswi. Mtu atakayejibu kwamba atapuliza tu kandokando ya kuta za nyumba nzima na kuondoka, mimi nisingempa kazi.

Sasa usafi. Watu husafisha nyumba baada ya fundi kuondoka, wakati muda wake ni kabla. Jeli hufanya kazi kwa sababu mende ana njaa na hiyo ndiyo chakula kilicho karibu. Ukiacha mafuta yaliyoganda pembeni mwa jiko, makombo ndani ya kibaniko cha mkate, unga uliomwagika nyuma ya kopo, unakuwa umeiwekea jeli mshindani. Kwa hiyo vuta jiko, sugua ubavu wake na ukuta wa nyuma. Kama ni la gesi, funga valvu kwanza na usinyooshe mpira wake kwa nguvu. Osha trei inayokusanya maji chini ya friji, sehemu ambayo husahauliwa karibu katika kila nyumba. Mafuta yaliyonasa kwenye kichujio cha feni ya jikoni yaondoe pia. Ukimaliza kusugua kwa sabuni kali, suuza kwa maji na ukaushe, harufu ya sabuni isije ikawafukuza mahali chambo kitakapowekwa.

Maji yana uzito kuliko chakula. Mende huyu akiwa na maji anaweza kukaa karibu mwezi bila kula, lakini bila maji hafikishi wiki mbili. Rekebisha bomba linalovuja chini ya sinki kabla ya siku ya kazi. Usiku futa sinki likauke, kamua sponji, usiache vyombo vikiloa, na bakuli la maji la mnyama liondoe wakati wa kulala. Pipa la taka liwe na kifuniko na litolewe kila jioni.

Kuhusu kutoa vitu makabatini, usifanye lolote kabla ya kumuuliza fundi, kwa sababu jibu linategemea njia atakayotumia. Kama atapuliza ndani ya makabati, yote yawe matupu. Kama atatumia jeli peke yake, mara nyingi anahitaji tu kufikia bawaba, pembe na reli za droo, na kuhamisha kila kitu siku moja kabla huwastua mende na kuwasambaza. Ukitakiwa kutoa vitu, usivipeleke chumbani wala juu ya kochi. Viweke katikati ya jikoni au sebule iliyo jirani, ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa au masanduku yenye mfuniko, na ukague kila kimoja kabla hakijaingia humo. Chakula kikavu kihamie kwenye makopo yanayobana. Maboksi ya karatasi, mifuko ya manunuzi iliyokunjwa na magazeti ya zamani vitoke nyumbani moja kwa moja: mende hujificha kwenye mikunjo yake, na hula hata gundi iliyoshikilia boksi.

Vifaa vya umeme ni vya kutajwa peke yake. Maikrowevu, mashine ya kahawa, kifaa cha intaneti, runinga na mota ya friji vina joto, giza na nyufa, yaani kila anachokitaka. Usivipulizie chochote mwenyewe, utaviharibu na unaweza kusababisha moto. Tengeneza orodha ya vile ulivyoona mende wakiingia au kutoka umpe fundi. Kifaa kilichojaa sana huenda kikabidi kufungwa kwenye mfuko na kushughulikiwa peke yake.

Kama una mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha vumbi laini, itumie siku moja au mbili kabla, kwenye nyufa na nyuma ya friji. Inatoa mende hai, mizoga, magamba na kinyesi kwa mara moja. Haya si uchafu wa kawaida. Protini zilizomo kwenye kinyesi na magamba ya mende huamsha pumu, na watoto ndio huumia zaidi. Anayefanya kazi hiyo avae barakoa, mwenye pumu asikae karibu, na mfuko wa mashine ufungwe ndani ya mfuko mwingine na kutolewa nje saa hiyo hiyo.

Mjulishe fundi mapema kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mama mjamzito, mgonjwa wa pumu au mnyama wa kufugwa. Samaki hudhurika haraka na dawa za jamii ya pareto, kwa hiyo ikiwa atapuliza, tangi lihamishwe, au lifunikwe vizuri na pampu ya hewa izimwe kwa muda atakaoelekeza. Paka nao hawazivumilii baadhi ya dawa hizo, ndege wahamishwe. Panga mtakakokwenda mpaka dawa ikauke na nyumba ipate hewa. Kwa jeli peke yake mara nyingi hamhitaji kuhama, ila hakikisha haikuwekwa mahali ambapo mtoto au mnyama anaweza kuilamba.

Ukiishi kwenye jengo la nyumba nyingi, ongea na majirani wa pembeni, wa juu na wa chini, pamoja na mwenye jengo. Mende hupita kandokando ya mabomba na nyaya kutoka nyumba hadi nyumba, na kuitibu nyumba moja huku ya jirani imejaa ni kuchelewesha tu. Najua watu huona aibu kulitaja jambo hili. Lakini jirani unayemwogopa yumkini naye anatega mitego usiku kwa siri, na fundi akikagua nyumba zote kwa siku moja kazi huwa nyepesi kwa wote.

Kubaliana na watu wa nyumbani, kabla fundi hajafika, kuhusu siku zitakazofuata. Asiyejua atachukua kitambaa na kufuta vile vitone vya jeli akidhani ni uchafu, na kazi yote itakuwa imefutwa. Waonyeshe vilipo. Waambie pia kwamba kwa siku kadhaa wataona mende wakizunguka mchana wakiyumba, na mizoga sakafuni. Hiyo ni dalili kwamba dawa inaliwa. Wachanga hula kinyesi na mizoga ya wakubwa waliokula chambo, na kwa baadhi ya dawa sumu huwafikia kwa njia hiyo, hata wasiotoka kwenye ufa. Hivyo asitokee mtu wa kukimbilia kopo la kupuliza.

Ziara ya pili iwekewe tarehe kabla ya ile ya kwanza kumalizika, kwa kawaida wiki mbili hadi nne baadaye, wakati mayai yaliyonusurika yameshaanguliwa lakini wachanga bado hawajaanza kuzaa. Mitego mipya iwekwe pale pale palipokuwa na ya zamani. Silikoni ya kuzibia nyufa unaweza kuinunua sasa, lakini usiitumie bado, kwa sababu nyufa hizo ndimo fundi atakamoweka chambo. Anza kuziba mitego ikishakaa mitupu kwa wiki kadhaa mfululizo, ukitangulia na pale mabomba yanapopenya ukutani.