Jinsi ya kuendesha kikao cha mwezi cha watu wa madeni, na watu wakarudi mwezi unaofuata

Anzia kwenye kalenda, ukumbi utafuata. Mtu wa madeni, yaani anayeifuatilia kampuni yake malipo ya wateja waliochukua mzigo kwa mkopo, hana nafasi kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 5: mwisho wa mwezi anafukuzia malipo, mwanzo wa mwezi anafunga hesabu na kutoa ripoti ya umri wa madeni, nani yuko siku 30, nani 60, nani ameshavuka 90. Tarehe 20 ni ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Siku hiyo kampuni inaipelekea Mamlaka ya Mapato, TRA, asilimia 18 ya ankara ambayo mteja hajalipa hata shilingi, na bosi akitafuta wa kumuuliza, anakuja mezani kwako. Ndiyo maana tawi letu la chama cha watu wa madeni hapa Dar es Salaam linakutana Alhamisi ya pili ya mwezi, saa 11:30 jioni. Tarehe haibadiliki hata mgeni rasmi akiahirisha. Ukiihamisha mara mbili tu, watu wanaacha kuiandika.

Mahali pawe pa kufikika kwa nauli ya kawaida. Tuliwahi kujaribu Mikocheni. Waliotoka Vingunguti na Chang'ombe walifika saa moja na nusu, mada imekwisha, chai imepoa. Sasa tupo karibu na Mnazi Mmoja, kwenye chumba cha mafunzo cha kampuni ya mwanachama mwenzetu. Anayetoka Kimara anashuka mwendokasi na kumalizia kwa miguu. Kuomba chumba cha bure ni rahisi kama barua yako inasema idadi ya watu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani atarudisha viti.

Chakula kitangulie mada. Hili nalishikilia kuliko yote. Nimefuatilia madeni miaka 14, kampuni ya vifaa vya ujenzi, Barabara ya Nyerere, na ninajua siku yetu inavyokuwa. Mteja anakata simu. Mhasibu wake yuko likizo tangu Pasaka. Watu wa mauzo wanakuona umewazibia kamisheni kwa sababu umegoma kufungua mzigo mwingine. Mtu aliyepita humo tangu asubuhi hawezi kukaa moja kwa moja kusikiliza sheria. Mpe nusu saa ya sambusa, chapati na chai ya tangawizi, akae na mtu anayeelewa kwa nini amechoka. Tuna dada mmoja aliyetukanwa na mteja kwenye simu mchana wa siku ya kikao, alifika akaegemea ukuta kimya, na mzee wetu mmoja akamsogezea kiti, akamwambia, "Kaa hapa mwanangu, kunywa chai kwanza." Hajakosa kikao tangu siku hiyo.

Mchango wetu ni shilingi 10,000 kwa kichwa, unatumwa kwenye simu ya mweka hazina kabla ya Jumatano, na hesabu inasomwa hadharani. Mama lishe analipwa kabla hajafunga vyombo vyake. Sisi tunajua vizuri maana ya kuambiwa "njoo Jumatatu," kwa hiyo hatumwambii mtu.

Mwezi wa Ramadhani kikao kinakuwa futari: tende, uji, mihogo ya nazi, tunaanza baada ya magharibi na mada haizidi dakika 20 ili wanaokwenda tarawehe wawahi.

Sasa kiini chenyewe. Vyama vya kitaaluma vya kazi hii vina umri mkubwa, Marekani tangu 1896 na Uingereza tangu 1939, lakini wengi wetu hapa tuliingia kwa kuhamishwa kutoka uhasibu au mauzo, tukajifunza kwa kukosea. Kwa hiyo saa ya kujifunza isiwe hotuba tupu. Omba mwanachama mmoja alete kesi yake, na alete karatasi halisi, nakala yenye majina yaliyofutwa kwa kalamu nyeusi.

Nitakueleza moja. Kijana wa kampuni inayosambaza saruji alileta hati ya kupokelea mzigo: mifuko 400, tarehe ipo, namba ya gari ipo, chini kuna saini. Mteja alikuwa anakana kupokea. Kijana alizungumza dakika kumi kuhusu simu alizopiga na barua alizoandika. Karatasi ikazunguka meza, mkono hadi mkono, watu 17. Ilipofika kwa yule mzee wetu, aliinua miwani akauliza swali moja: "Nani kasaini hapa?"

Kimya. Kijana alikuwa hajui. Kesho yake alikwenda saiti akakuta aliyesaini ni mlinzi wa getini, ambaye mwezi mmoja baada ya kupokea mzigo alikuwa ameshaacha kazi. Muhuri hakuna, jina hakuna, cheo hakuna. Nakuhakikishia, Ijumaa ile kila aliyekuwepo alifungua mafaili yake mwenyewe. Mimi nilikuta hati tisa zenye mchoro tu mahali pa saini.

Mpe mleta kesi dakika kumi, maswali dakika ishirini, na mwongozaji asiruhusu ushauri kabla ya maswali kwisha. Watu wetu wana haraka ya kushauri.

Kanuni ya pili ni kwamba kesi inaletwa, jina la mteja linabaki ofisini. Niliijua kwa maumivu. Mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu niliacha mwenzetu ataje duka moja la Kariakoo kwamba "halilipi." Kesho yake asubuhi wauzaji wawili walisimamisha mzigo wa duka hilo. Kumbe deni lilikuwa ubishi wa bei ya shehena moja. Mengine yote yalikuwa yanalipwa kwa wakati. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi mwenye duka, na bado naona uso wake. Tangu hapo kila kikao naanza kwa kukumbusha kwamba Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kukubaliana kumsusia mteja au kupanga bei, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Anayetaka kumjua mteja apekue BRELA, kwenye usajili wa kampuni na majina ya biashara, atumie kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, na fomu yake ya mteja kuomba mzigo kwa mkopo iwe na sehemu ya mteja kusaini idhini. Mezani kwetu majina hayapiti, hata kwa kunong'onezana kwenye chai.

Wageni waalike mmoja kwa miezi miwili, na mwambie wazi: dakika 25, na aje na waraka mmoja badala ya slaidi 40. Wakili aliyetufaa kuliko wote alikuja na karatasi moja tu, barua ya kuthibitisha salio, ambayo mteja anasaini kukubali kiasi anachodaiwa. Alieleza kwamba dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, lakini mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi na kusaini, muda unaanza kuhesabiwa upya. Tukaandika barua hiyo pale pale, kwa Kiswahili, mistari sita, kila mtu akaondoka na nakala yake. Wapo waliokuwa na madeni ya mwaka wa tano yamelala kwenye droo.

Saa 1:45 usiku funga, hata kama mjadala umenoga. Kuna watu wana watoto na kuna watu wanakwenda Kigamboni kwa pantoni. Ijumaa kabla ya saa nne tuma ujumbe mfupi: tulichojifunza kwa sentensi tatu, tarehe ijayo, nani ana kesi. Usiandike mahudhurio kwa kuwataja wasiofika. Asiyefika mara mbili mpigie simu umsalimie. Mara nyingi utakuta kuna mgonjwa au msiba nyumbani, na hapo tawi linakuwa na kazi nyingine.

Kabla hatujazima taa huwa nauliza nani analeta kesi mwezi ujao. Safari hii aliyenyoosha mkono ni yule kijana wa mifuko 400. Analeta hati mpya ya kupokelea mzigo aliyoichora mwenyewe, ina nafasi ya jina kamili, cheo, namba ya simu na muhuri, na anataka tuitafutie kasoro.