Kupima kama sabuni huoza upesi majini: chupa iliyofungwa, kwa maabara za Mwanza

Bakteria wakila sabuni hutumia oksijeni ya maji, kwa hiyo hupimwa oksijeni iliyobaki ndani ya chupa. Njia ya OECD 301D (mwongozo wa upimaji wa shirika la kimataifa la OECD) inaruhusu kuweka miligramu 2 hadi 10 za kemikali kwa lita. Ukiwa Mwanza, weka 2, kwa sababu Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Maji ya nyuzi 22 yakishiba hewa hubeba takriban miligramu 7.6 za oksijeni kwa lita, wakati pwani hubeba 8.7. Sodiamu laureti, sabuni ya mafuta ya nazi au mise (kiini cha mbegu ya mchikichi), hula miligramu 2.45 za oksijeni kwa kila miligramu hadi iishe. Ukiweka 5, oksijeni itakwisha kabla ya sabuni, nawe utaandika kwamba haiozi.

1. Maji. Kwa kila lita ya maji yaliyokenekwa, weka mililita 1 ya kila mmumunyo: fosfeti, kalsiamu kloridi, magnesiamu salfeti, feri kloridi. Pulizia hewa dakika 20, kisha yatulie saa 20 kwenye nyuzi 22. Yasipotulia, hewa iliyozidi itatoka kama viputo ndani ya chupa.

2. Bakteria. Chota kwenye bwawa la mwisho la majitaka, kama yale mabwawa ya Butuja, Mwanza. Tatizo ni mwani: gizani nao hupumua na kula oksijeni. Chuja, pulizia hewa gizani siku 5 hadi 7, kisha tumia mililita 1 kwa lita. Usichote kwenye mtaro wa kiwanda cha minofu ya sangara wala cha sabuni. Bakteria wa hapo wameshazoea mafuta, na jibu litapendelea sabuni.

3. Makundi matatu. Bakteria peke yao; bakteria na sabuni; bakteria na sodiamu aseteti (chumvi inayooza kwa urahisi, ya kuhakiki kwamba bakteria wanafanya kazi) miligramu 5 kwa lita. Kila kundi chupa 10, mbili za kupimwa oksijeni kila siku ya 0, 7, 14, 21 na 28. Yeyusha gramu 1 ya sabuni kwenye lita ya maji ya uvuguvugu, kisha weka mililita 2 kwa lita, tone kwa tone huku ukikoroga. Ukiimwaga kwa mkupuo, kalsiamu huikamata na utando mweupe hunata kwenye kioo. Stearati, sabuni ya mafuta magumu ya wanyama, ni sumbufu zaidi.

4. Kujaza. Mpira wa kunyonyea ufike chini kabisa ya chupa. Acha maji yafurike, gonga ubavu kwa kidole mpaka viputo vyote vipande juu na kutoka, ndipo uzibe. Kiputo kimoja kikibaki, tupa ujaze upya. Funika gizani, kwenye inkubeta inayopoza, nyuzi 20 hadi 24.

5. Hesabu. Tuseme siku ya 28 chupa za bakteria pekee zina miligramu 6.5 za oksijeni kwa lita, za sabuni 2.7. Tofauti 3.8, gawa kwa 2, gawa kwa 2.45: sabuni imeoza asilimia 78. Kiwango cha kufaulu ni asilimia 60, na kwa kemikali moja safi kifikiwe ndani ya siku 10 tangu uozaji ulipovuka asilimia 10 (njia hii huruhusu 14). Sabuni ya mafuta ya sangara ni mchanganyiko wa minyororo ya kaboni ya urefu tofauti, kwa hiyo sharti hilo la siku haliihusu. Na badala ya 2.45 pima mahitaji yake ya oksijeni ya kikemikali (COD), yaani oksijeni inayohitajika kuioksidisha yote kwa kemikali.

Jaribio ni batili kama aseteti haikufika asilimia 60 siku ya 14, au oksijeni ilishuka chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Chupa za bakteria pekee zikipoteza zaidi ya 1.5, rudia na nusu mililita ya bakteria.