Jinsi ya kumpata mzee wa ngoma akufundishe, Bagamoyo

Usimwendee na simu inarekodi, wazee hawapendi na mi naona wana haki kabisa. Piga shikamoo, kaa. Mwanzoni kazi yako itakuwa kuwasha makuti na kupasha ngoma moto ngozi ikaze, usidharau, hapo ndo sikio linafunguka maana ukiigonga kwa kidole ikiitika kizito bado, ikilia kwa juu tayari, na ukiiacha sana motoni inapasuka halafu utajieleza. TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, kuna kozi ila na nyumbani watu wanajifunza, mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose (alifariki 2003) alipiga zeze na ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) hapahapa Bagamoyo pamoja na ukoo wake. Na we mpe chako, mtafutie shoo, hela mgawane palepale.